Naombeni ushauri: gharama za seva yangu ya Tor zimenielemea

Mwanga Hafifu: Wakuu, habari za wakati huu. Kwa miezi saba nimeendesha seva ya mtandao wa Tor, ule unaoficha mtumiaji anatoka wapi, kwa fedha zangu, na sasa kodi yake inanishinda. Je, niwachangishe rafiki zangu au niifunge?

Nahodha: Ndugu, ni kituo cha aina gani? Mawasiliano hupita vituo vitatu: cha kwanza humwona mtumiaji bila kujua aendako, cha kati hakijui mwanzo wala mwisho, na cha tatu ndicho ambacho tovuti hukiona kana kwamba chenyewe ndicho kilichobisha hodi.

Mwanga Hafifu: Ni cha kutokea, yaani hicho cha tatu. Mwenye seva ameshatuma notisi nne kuhusu barua pepe taka, lakini swali langu ni la fedha.

Bi Subira: Mimi niliendesha kituo cha kati miaka miwili, na kila alfajiri nilifungua grafu ya mzigo kabla hata sijanawa uso. Sikupata lalamiko hata moja. Kwa nini ujitwishe wahalifu wa watu wengine?

Msasi: Hapa naona kisa cha kutungwa. Sera ya kawaida ya Tor hufunga poti 25, yaani mlango wa mawasiliano ambao hutumiwa kutuma barua taka. Notisi hizo zimetoka wapi?

Mwanga Hafifu: Sijatunga. Poti hiyo niliifungua mwenyewe, kwa sababu niliona kuifunga ni kuchagua nani anastahili usiri.

Msasi: Basi nakuamini, na nasikitika zaidi. Nani anazijibu?

Mwanga Hafifu: Mimi, kwa jina la kaka yangu. Seva imekodiwa kwa jina lake na hajui inafanya nini. Nilikusudia kumweleza michango ikishaanza kuingia, na tayari watu wawili wameniahidi.

Nahodha: Usipokee chochote kwanza. Ufaransa kuna chama kiitwacho Nos oignons, kinachoendesha vituo vya kutokea kwa michango, na notisi hukifikia chama chenyewe. Kwako zinamfikia mtu asiyejua kitu. Usiku huu andika ExitRelay 0 kwenye torrc, faili ya mipangilio ya Tor, uiwashe upya programu, na seva itabaki kupitisha mawasiliano bila kuyatoa nje. Kisha mpigie kaka yako, umsomee notisi zote nne pamoja na majibu uliyoyatoa kwa jina lake.

Mwanga Hafifu: Nimeshaandika mstari huo. Simu bado.