Tupeane uzoefu: Mtoto wako ameshika desturi gani bila kufundishwa?

Mwanzisha mada, Tanga
Ndugu zangu, nyumbani kwetu tunakula katika sinia moja, na sikumbuki hata siku moja nilipomketisha mwanangu wa miaka minne nikamweleza kwamba mtu hula upande wake, au kwamba nyama iliyowekwa katikati haiguswi mpaka mkubwa aigawe. Juzi binamu yake alipopeleka mkono katikati ya sinia, mwanangu alimshika kiganja akamwambia, "Bado, babu hajagawa." Maneno hayo hayajawahi kutamkwa kwetu, sisi husubiri tu. Naomba tupeane uzoefu, hasa wa mambo ambayo hamkukusudia kuyafundisha.

Mchangiaji, Dar es Salaam
Mimi ni Msukuma, na kwetu binti hupiga magoti anapomwamkia mkubwa. Hapa mjini mke wangu hupiga magoti pale tu mama yangu anapotutembelea. Binti yetu wa miaka sita naye humpigia bibi yake magoti, lakini kwa mwalimu na kwa majirani husema shikamoo akiwa amesimama wima. Ameishika desturi pamoja na mipaka yake, mipaka ambayo mimi mwenyewe sikuwa nimeitambua mpaka nilipomwona yeye akiifuata.

Mchangiaji, Muscat
Assalaam alaykum. Huku kahawa humiminwa kidogo kidogo katika kikombe kisicho na mkono, na mgeni asipokitikisa anapokirudisha, mwenyeji huendelea kummiminia. Mwanangu hanywi kahawa, bali hukaa barazani na wazee. Tulipokwenda likizo Unguja, alimaliza chai yake akamtikisia bibi yake kikombe, na bibi akauliza kama kimeingia mdudu.

Mchangiaji, Mombasa
Langu si la kujivunia. Binti yangu alikuwa uani na wenzake wakicheza mchezo wa mapishi kwa vifuu na mchanga. Alimpakulia "baba" kwanza, akawapakulia "watoto", kisha akakwangua mabaki ya sufuria yake na kujifanya anayala akiwa amesimama, huku akisema kwamba yeye ameshashiba. Hivyo ndivyo ninavyokula mimi jikoni kila usiku, ingawa yeye nimemkanya mara nyingi asile akiwa amesimama, nikidhani kwamba maneno yangu ndiyo anayoyafuata.

Mwanzisha mada, Tanga
Dada, pole. Je, umebadili lolote?

Mchangiaji, Mombasa
Ahsante. Sasa ninajipakulia mapema na kuketi nao mkekani, na mume wangu hakuuliza kitu. Binti yangu ndiye aliyeuliza, siku ya kwanza, kama ninaumwa, na katika mchezo wake wa vifuu "mama" bado anasimama.