Prosesa kuu inayoendesha Db2 ikianguka: akiba isubiri, au zote mbili zifanye kazi?

Nkuhungu_IT: Wakuu, salaam. Hapa Dodoma tuna kompyuta kuu mbili, moja ya kazi na moja ya akiba, zote zinatumia diski zilezile. Chumba cha dharura kiko Dar. Prosesa kuu ikifa, naona njia tatu: (a) Db2, hifadhidata yetu ya IBM, iwashwe upya kwenye akiba, (b) zote mbili zifanye kazi muda wote kwa kushirikiana data, (c) tuhamie Dar. Mnashauri ipi?

BintiKondoa: Mkuu, (c) iwe ya janga tu. Mwanga ndani ya faiba hutumia kama mikrosekunde 5 kwa kilomita. Kwa kilomita 450 hivi hadi Dar, kwenda na kurudi ni milisekunde 4.5, na mkinakili papo hapo kila uandishi utasubiri hizo. Metro Mirror, ile ya IBM ya kunakili diski papo hapo, kikomo chake cha kawaida ni kilomita 300. Dar inafaa Global Mirror, ambayo haisubiri na nakala yake hubaki nyuma kidogo, kwa hiyo wenye mfumo wakubali mapema kwamba miamala ya mwisho inaweza kupotea.

Mzee_wa_Logi: Mimi (a). Db2 ikiamka inasoma logi (daftari lake la mabadiliko), inakamilisha miamala iliyothibitishwa, inafuta iliyokatikia njiani. Kinachochelewesha ni kazi ndefu za usiku zisizothibitisha mpaka mwisho. Anza na hizo.

Fundi_Mtumba: Shikamoo mzee. Kwa mfumo unaohudumia wananchi mchana kutwa, nasimama na (b). Ila msidhani ikianguka moja basi mambo shwari. Db2 iliyokufa inaacha kufuli zake (alama za kuzuia wengine), na rekodi ilizokuwa inabadilisha hazigusiki hadi iwashwe tena. Pangeni ijiwashe yenyewe upande wa pili kwa ule uwashaji mwepesi, iachie kufuli, ijizime. Jedwali la kufuli, linalotumiwa na Db2 zote mbili, nalo lisikae ndani ya mashine moja na Db2 bila nakala. Mashine hiyo ikizimika, kundi zima linaanguka. Na jumlisheni mzigo: kila moja ikiwa asilimia 70, itakayobaki haibebi.

Nkuhungu_IT: Asanteni sana. Naelekea (b).

Mzee_wa_Logi: Marahaba, kijana. Nkuhungu, umesema diski ni zilezile. Zikifa hizo, (a) na (b) zote hazina kazi. Tafuteni seti ya pili, jengo jingine hapohapo Dodoma, kwa Metro Mirror. Hilo liingie kwenye bajeti kabla ya prosesa.