Ekseli ya kati ya baiskeli ya resi, ipi inadumu?

mpanda_igoma: Wakuu habari za saa hizi, nina baiskeli ya resi ya mtumba, nikikanyaga kwa nguvu inalia kak kak pale katikati na krenki (mkono wa pedali) inacheza, fundi wa mtaani anasema tubadilishe gololi tu lakini tulishabadilisha, mvua ikipiga njia ya Kisesa zinaota kutu tena. Nataka ya kudumu. Ekseli ni ile ya pembe nne.

fundi_pasiansi: Achana na gololi za wazi mkuu. Chukua katriji iliyofungwa, yaani ekseli na gololi zake zikiwa kopo moja, maji na mchanga haviingii kirahisi, ikichoka unatoa nzima unaweka nyingine. Shimano UN300 inatosha kabisa. Ila usinunue kwa macho, pima upana wa bomba la fremu linaloshika ekseli, nyingi ni mm 68, za Kiitaliano 70, halafu urefu wa ekseli yenyewe, kuna 110, kuna 113, ukikosea cheni inakaa upande.

dada_cheni: Na kama ni ya 68 mwambie fundi kulia, upande wa cheni, inafunguliwa kinyume!! Unazungusha kama saa ndo inalegea. Watu wanapanda juu ya spana kabisa wanaua fremu ya watu 😂 Za Kiitaliano ni kawaida pande zote.

mpanda_igoma: Duh, asanteni. Spana ya kawaida inafungua?

fundi_pasiansi: Hapana, ya meno 20, na ya kuvutia krenki. Nyundo marufuku. Grisi usisahau.