Naomba ushauri: kijana wetu anataka kutulipia safari ya meli ya kitalii, twende au tumwambie aache?

Mwalimu_Ujiji

Wanajukwaa, habari za jioni. Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi hapa Ujiji na mzee wangu. Kijana wetu yuko kazini Ujerumani, na mwakani tukijaaliwa tutakwenda kumtembelea. Sasa amekuja na wazo ambalo limetugawa nyumba nzima: anataka atulipie wiki moja kwenye meli ya kitalii. Tunapanda Barcelona, tunapita Marseille, Genoa, Roma, Palermo na Valletta, halafu tunarudi Barcelona. Bei aliyoiona ni euro 800 kwa kila mmoja, chakula humohumo. Ametuma na picha: mabwawa ya kuogelea, ukumbi wa maonyesho, maduka, yaani mji mzima juu ya maji.

Maji siyaogopi. Nimekulia ziwani, na enzi za usichana nimepanda meli ya Liemba hadi Kipili wakati wa upepo wa kusi, naujua mtikisiko. Mzee ndiye mgumu. Ana presha, goti linamsumbua, na tangu ajali ya MV Bukoba mwaka 1996 hapandi chombo kabla hajaoneshwa boya liko wapi. Mimi wasiwasi wangu ni chakula, maana sisi ni Waislamu, na pia sijui wazee wawili wa Kigoma tutafanya nini siku nzima kwenye meli ya Wazungu. Binti yetu naye anasema hela hiyo ingemalizia paa la nyumba ya Kasulu.

Aliyewahi kupanda au kufanya kazi humo naomba anieleze bila kunipamba. Natanguliza shukrani.

Mgebuka_Mkavu

Shikamoo mama. Mimi nipo tayari kubeba mabegi, hata mshahara sitaki.

Mpishi_wa_Zamani

Shikamoo mwalimu. Nimepika kwenye hizo meli kwa miaka kadhaa, tena njia hiyohiyo ya Mediterania, kwa hiyo nitasema ninayoyajua.

Kwanza bei. Hiyo euro 800 hesabu yake ni watu wawili chumba kimoja, kwa hiyo kwenu iko sawa. Angekwenda mmoja peke yake, mara nyingi angelipishwa karibu mara mbili. Lakini bei ya chini namna hiyo kwa kawaida ni ya chumba cha ndani kisicho na dirisha. Ukizima taa huoni hata kiganja chako, na asubuhi huijui mpaka utazame saa. Kuna wanaolala humo vizuri kuliko kwao, na kuna wanaopagawa usiku wa kwanza. Kwa mzee mwenye presha ningemwomba kijana aongeze hela mpate chenye dirisha, ghorofa za chini, katikati ya meli. Hapo ndipo mtikisiko unapokuwa mdogo. Cha juu kabisa mbele kinapendeza kwenye picha, lakini bahari ikichafuka ndicho kinachorushwa zaidi.

Halafu kuna hela zinazokuja nyuma. Bakshishi ya wahudumu mara nyingi inaingizwa moja kwa moja kwenye akaunti yenu. Kwa meli za upande huo weka kati ya euro 10 na 15 kwa mtu kwa siku, kwa hiyo nyie wawili kwa wiki ni kama 140 hadi 210. Soda, pombe na maji ya chupa mara nyingi ni vya kulipia, intaneti ya kulipia, matembezi ya bandarini ya kulipia. Humo ndani hamtumii noti. Mnapewa kadi ndiyo ufunguo, ndiyo pochi, ndiyo ya kutokea na kuingilia melini. Mtu anagusisha kadi siku saba huku anacheka, bili anaiona asubuhi ya kushuka. Nimeona watu wazima wakigombana kaunta mbele ya watoto wao.

La tatu, mwalimu, msije mkadanganywa na majina ya miji. Hapo palipoandikwa Roma, meli haifiki Roma. Inafunga Civitavecchia, na kutoka hapo hadi Roma ni kilomita kama 70 na zaidi kidogo, treni inakula saa nzima au na ushee, kwenda tu. Mkishuka saa mbili asubuhi na mnatakiwa muwe mmerudi jioni, mtaiona Roma kwa saa chache, kwenye jua, na goti la mzee. Na ukichelewa meli haikungoji. Inang'oa nanga, na kuikuta bandari inayofuata ni juu yako na nauli yako.

Kuhusu boya, mwambie mzee atulie. Kabla ya safari lazima kila abiria apewe maelekezo ya kujiokoa, aijue sehemu yake ya kukusanyikia na aoneshwe jaketi linavyofungwa. Utaratibu huo ulikazwa zaidi baada ya meli ya kitalii ya Costa Concordia kugonga mwamba kule Italia mwaka 2012, watu 32 wakafa. Na vyombo vya kujiokolea lazima viwatoshe wote waliomo.

Mambo ya kufanya ni mengi mno, ila ratiba ni ya kwao. Mkipenda kuamka, kuona mji kidogo, kurudi kula na kukaa kibarazani kutazama maji, mtafurahi. Kama mzee ni wa kukaa na wenyeji, aongee, ajue bei ya mahindi sokoni kwao, meli itamchosha. Kila mji ni nusu siku.

Nesi_Gungu

Mwalimu, presha haimzuii mtu kupanda meli ikiwa imetulizwa. Ila dawa zake zote zikae kwenye begi la mkononi, na ziwe za siku nyingi kuliko safari yenyewe, pamoja na barua ya daktari yenye majina ya dawa. Begi kubwa linaweza kuchelewa na safari ikaondoka. Melini daktari yupo, lakini anatoza, tena bei zao si za kwetu. Kwa hiyo hakikisheni bima ya safari inataja ugonjwa wa melini na kusafirishwa mgonjwa kutoka melini.

Mwambieni daktari kabisa kuwa ni ugonjwa alionao tangu zamani, na kwenye fomu ya bima uandikwe hivyohivyo. Watu wanaficha presha ili bei ya bima ishuke, wakiugua kampuni inakataa kulipa.

Kingine ni kuhara na kutapika. Virusi vya norovirus vikiingia kwenye meli vinasambaa upesi kwa sababu watu wanakula pamoja na kushika vijiko vilevile vya bafe. Pale mlangoni mtakuta kijana anawapulizia dawa mikononi. Mkubalini, lakini hiyo haitoshi kwa virusi hivyo. Nendeni mkanawe kwa sabuni na maji.

Kibirizi_Gatini

Mimi niko na binti. Wiki nzima kuzunguka na maelfu ya watu mnapangiana foleni ya mayai! Sisi tuna ziwa la pili kwa kina duniani, mita 1,470, maji unaona hadi chini, na wageni wanatoka hukohuko Ulaya kuja kulitazama. Chukueni boti mwende Mahale mkawaone sokwe, au Gombe hapa jirani, mle mgebuka na ugali. Mzee atashuka anapotaka.

Mpishi_wa_Zamani

@Kibirizi_Gatini, Mahale kwa goti lile? Sokwe unawafuata kwa miguu mlimani, wakiamua kupanda nawe unapanda. Halafu uzuri wa ziwa letu haupingwi na mtu, ila mama ameuliza habari ya meli.

Na kwa taarifa yako, Liemba ilitengenezwa mwaka 1913 na kiwanda cha Meyer cha Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipandevipande, ikaletwa kwenye makasha hadi hapa Kigoma na kuunganishwa upya. Kiwanda hichohicho ndicho kinachounda meli kubwa za kitalii mpaka leo. Kwa hiyo mwalimu alishapanda meli ya fundi huyo.

Mwalimu_Ujiji

Hahaha, hiyo nimemsomea mzee, kacheka mpaka kakohoa. Ahsanteni. Halali je?

Mpishi_wa_Zamani

Kijana aandike ombi hilo wakati wa kulipia, asingoje hadi mpande. Kampuni nyingine zinaweza kuwapa nyama ya halali zikijulishwa mapema, nyingine hazina. Zisipokuwa nayo, samaki, mayai, mboga na tambi havikosekani hata siku moja. Kwenye bafe muulizeni mpishi aliyesimama nyuma ya meza, msitegemee kibao tu. Nyama ya nguruwe inajificha kwenye supu na maharage.

Mtu_wa_Viza_Dar

Mama, njia hiyo yote imo Schengen, yaani zile nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, hata Malta, kwa hiyo viza moja inatosha. Kama sehemu kubwa ya siku zenu ni Ujerumani kwa kijana, ombeni kwa Wajerumani. Mtakuja Dar wenyewe kuchukuliwa alama za vidole. Ada kwa mtu mzima ni euro 90, na bima lazima iwe ya kuanzia euro 30,000. Ombi linapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, msilete siku za mwisho.

Angalizo: kijana akibadili ratiba akaona ya bei rahisi inayopita Tunis au Istanbul, hapo mnatoka Schengen na kurudi. Mtahitaji viza ya kuingia zaidi ya mara moja, na hizo nchi nyingine zina masharti yake. Akate tiketi ya meli inayoweza kubadilishwa au kurudishiwa hela, maana viza haina uhakika. Na tazameni pasipoti: iwe na angalau miezi mitatu baada ya siku ya kutoka huko, wengine wanataka sita.

Mgebuka_Mkavu

Mama, paa la Kasulu nalo?

Mwalimu_Ujiji

Paa ni hela ya pensheni, binti analijua hilo, ameamua tu kununa.

Jana usiku tumeongea na kijana kwa simu. Mzee amekubali kwa masharti: siku nne badala ya wiki, chumba chenye dirisha, na tusipelekwe Roma ya kukimbizana na treni. Tukifika Civitavecchia yeye anakaa bandarini anywe kahawa, mimi nikitaka nitembee. Mwezi tumesema wa tano, kabla ya joto kali na kabla shule za huko hazijafungwa. Kijana anatafuta, kasema safari fupi zipo ila kwa siku moja moja zinaweza kuwa ghali kuliko za wiki. Nikamwambia bora ghali ya siku nne kuliko rahisi ambayo baba yako ataishia kulala chumbani.

Baada ya simu nikafungua kabati nitazame pasipoti kama alivyosema mtu wa viza. Yangu nzima. Ya mzee imebakiza miezi minne. Kesho asubuhi tunaanzia Uhamiaji.