Mzee kawekewa stenti shingoni, kichwa kinamsumbua. Nimpe dawa gani?

Kitinda Mimba: Wakuu, shikamooni. Mzee wangu (68) alizibuliwa mshipa wa shingo upande wa kulia, akawekewa stenti, kile kijibomba cha kuuacha mshipa wazi. Leo siku ya sita. Anakula, anatembea. Shida ni kichwa, toka juzi, parasetamoli haifui dafu. Nitajieni dawa kali kidogo. Kliniki ni Jumatatu.

Kauzu: Mfichie rimoti, asiangalie taarifa ya habari 😂

Bi Mkubwa: Pole mwanangu. Marehemu mume wangu aliwekewa ya moyo, tukakesha naye siku tisa. Nyie vijana mnakimbilia simu kabla ya kupiga magoti.

Nesi wa Zamu: Kinauma upande gani? Presha ngapi?

Kitinda Mimba: Kulia, nyuma ya jicho. Presha sijapima.

Nesi wa Zamu: Pima sasa hivi.

Kitinda Mimba: 196/108. Ila mashine yenyewe ya zamani. Niseme ukweli, vidonge vya presha hanywi. Baada ya stenti presha na mapigo vilishuka, hospitali wakavisimamisha, wakasema ikipanda tuanze tena. Mzee anadai vinamlegeza, nami sioni haja ya kumlazimisha, ni mtu mzima. Asubuhi mkono wa kushoto ulimchezacheza kama dakika mbili. Tukajua baridi.

Fundi Saa: Aspirini mbili mbili. Kaka yangu alipona hivyo hivyo.

Nesi wa Zamu: Fundi, acha! Huyu tayari yuko kwenye aspirini na klopidogreli ili stenti isizibe. Ubongo wa upande ule ulizoea damu kidogo, sasa mshipa umefunguliwa na presha iko juu, damu inafurika. Kichwa upande wa stenti, kisha degedege (huko kuchezacheza mkono), kinachoweza kufuata ni kuvuja damu ndani ya ubongo. Au pengine ni donge la damu limeziba mshipa. Tiba za hayo mawili zinapingana, na bila CT skani hakuna wa kuzitofautisha. Usiongeze dawa, usiache dawa. Mpeleke, wamshushe presha taratibu wakimwangalia.

Mpelelezi: Chai hii. Stenti kulia, kichwa kulia, halafu mkono unaocheza ni wa kushoto? Na kajiunga leo. Watunzi jipangeni.

Kauzu: Chai yenyewe haina sukari.

Bi Mkubwa: Nami nilihisi kitu.

Nesi wa Zamu: Mpelelezi, ubongo wa kulia ndio unaoendesha mkono wa kushoto. Wa kutunga angekuandikia kulia kote ukaridhika.

Mpelelezi: Aweke picha ya cheti basi.

Kitinda Mimba: Mzee mwenyewe anasema tungoje hiyo Jumatatu, hataki usumbufu, na mimi nilishamkubalia...

Nesi wa Zamu: Ulimkubalia kabla hujapima. Nenda!

Kitinda Mimba: Tuko kwenye gari. Ananiuliza tunakwenda wapi. Nimemjibu mara tatu.