Fleti zangu za Shangani zimebaki tupu: niuze au nisubiri?

Mwalimu_Mstaafu
Habari za humu. Naomba mawazo, hasa ya walioko Mtwara mjini. Nilistaafu mwaka 2011, kiinua mgongo chote nikakimwaga Shangani: nyumba ya ghorofa moja, fleti sita, kila moja vyumba vitatu. Enzi hizo ukitamka tu "kiwanja upande wa bahari", chai haijapoa madalali wanne wako barazani. Mpangaji wangu wa kwanza, mtu wa mambo ya gesi, alilipa dola 700 kwa mwezi, ya mwaka mzima mkononi. Nikajiona mjanja.

Mwaka 2015 bomba likakamilika, gesi ikaenda Dar, na wageni nao wakaondoka mmoja mmoja. Leo nina wapangaji wawili. Grili za madirisha zimeliwa na chumvi, ukizishika zinabaki kiganjani kama ugoro. Dalali ameniletea mteja ambaye bei yake hairudishi hata hela ya saruji. Watoto wako Dar, wanasema uza. Majirani wanasema subiri, mradi wa kiwanda cha gesi wa Likong'o kule Lindi ukianza wageni watarudi. "Ukianza" hiyo nimeisikia tangu meno yangu yako kamili.

Mzee_wa_Ligula
Mwalimu, pole. Baba yangu aliletwa hapa na kazi ya reli ya karanga. Waingereza baada ya vita walikuja na mradi wao, wakajenga bandari, wakatandika reli hadi Nachingwea. Karanga zikawagomea, na miaka ya 1960 reli ikang'olewa. Mzee alikuwa akicheka kwamba tumeachiwa barabara pana kuliko watu wa kuzipita. Kilichotuvusha ni korosho, wala si mgeni. Usiuze, lakini hiyo gesi iondoe kwenye hesabu zako.

Dalali_Chikongola
Shikamoo mama. Nakwambia kama mwanao, ingawa nikikushawishi uuze ndiyo ningepata changu. Nyumba yako ilijengewa mtu aliyeshaondoka. Wanaonipigia simu sasa ni wauguzi wa Hospitali ya Kanda kule Mitengo ambao wanataka kukaa mjini, mawakala wa mizigo bandarini, na msimu wa korosho makarani wa maghala. Wote wimbo mmoja: chumba na sebule, choo ndani, LUKU yake mwenyewe, laki na nusu hadi mbili. Vyumba vitatu kwa laki nne hakuna anayeuliza, labda familia ya bosi, na mabosi wana nyumba za serikali. Kata kila fleti iwe mbili. Anza na moja tu tuone.

Fundi_Nondo
Kabla ya kukata chochote, chukua nyundo ndogo ugonge nguzo za chini, hasa za upande wa bahari. Zege zima linalia kavu. Likilia kama mtungi mtupu, nondo imeota kutu, imevimba, inasukuma zege nje. Nguzo moja au mbili zinatibika. Zikiwa nyingi, mpe huyo mteja funguo usiku huuhuu. Na karo la choo pia uliangalie, kaya 12 si sawa na sita.

Mwalimu_Mstaafu
Marahaba mwanangu dalali, na asanteni nyote. Leo alfajiri nimezunguka na nyundo, mlinzi akadhani nimerukwa na akili. Nguzo 14, iliyolia mtungi ni moja, ile chini ya tangi la maji, ambalo limekuwa likivuja na mimi nikilifunga kwa mpira wa baiskeli. Karo sijalifunua, nasubiri joto lipungue. Nitaanza na fleti ya juu inayotazama mashariki. Vyoo viwili tayari vimo, kinachokosekana ni jiko la pili. Fundi_Nondo, bomba la maji machafu la jiko nilipitishe ukuta wa nje, au nitoboe sakafu niliunge na la choo? Chini yake kuna mmoja wa wale wapangaji wawili, na huyo sitaki kumpoteza.