Naomba ushauri: chatu wangu amebadilika ghafla

Wakuu, habari zenu. Niko Columbus, Ohio, nafuga chatu jike wa Afrika Magharibi, wale wadogo wa Ghana na Togo wanaojiviringa kama mpira wakiogopa. Ana miaka 4. Tangu nimchukue akiwa mdogo hajawahi kunitisha. Jioni alikuwa akijizungusha mkononi mwangu na kutulia.

Wiki ya 3 sasa ni kama nyoka mwingine. Nikifungua tu kizimba anakunja shingo kama herufi S na kufoka, na juzi alinirukia. Panya amemkataa mara 2. Mchana, ambapo huwa amejificha, anatambaa huku na huko akisukuma pua kwenye kioo.

Najua akikaribia kujivua gamba macho hupata ukungu wa bluu na hukasirika kwa kutoona vizuri, lakini macho yake ni maangavu. Hakoromi akipumua wala hana kamasi mdomoni. Uzito umeshuka gramu 30 tu, kutoka 1,450. Upande wa joto ni nyuzi 32, wa baridi 26.

Kitu kimoja: mwezi uliopita nilikihamishia kizimba sebuleni, karibu na televisheni, na baridi nayo imeanza. Je, ni mtikisiko wa kelele, au ni msimu wa kupandana ambao majike wengi hususia chakula? Niache kumshika kabisa kwa muda gani? Na afikie hali gani ndipo nimkimbize kwa daktari wa mifugo? Nampenda sana, sitaki kuchelewa.